UZI: Axis & Allies 1942 kwenye TripleA, jinsi ya kucheza na mpinzani kwa barua pepe ukiwa Dar

Dadu Sita (#1)

Wakuu salaam. Maswali kuhusu Axis & Allies, mchezo wa mezani wa Vita vya Pili vya Dunia, yanajirudia kila mara kwenye nyuzi za michezo, hasa toleo la pili la 1942, lile lililotoka 2012. Nayakusanya hapa. Mwenye nondo zaidi ashushe chini.

Boksi lenyewe ni adimu madukani Dar, na hata ukilipata unahitaji meza isiyoguswa na watoto kwa saa tano au sita. Njia nyepesi ni TripleA, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux. Unaisakinisha, unaingia sehemu ya kupakua ramani, unachukua iitwayo World War II v5 1942. Hiyo v5 izingatieni. v3 na v4 ni matoleo mengine yenye bei na mpangilio tofauti. Ukiona kifaru kinauzwa IPC 5, umefungua ramani isiyo yenyewe. Kwenye v5 kifaru ni 6. IPC ndiyo pesa ya mchezo.

Kuna kucheza papo kwa papo kwenye lobi (ukumbi wa mtandaoni wa TripleA), na kuna kucheza kwa barua pepe. Hii ya pili ndiyo ninayoipigia debe, kwa sababu haijali umeme kukatika wala bando kuisha. Ukimaliza zamu, programu inatengeneza faili linaloishia na .tsvg, mchezo mzima umo ndani. Mpinzani analifungua, anacheza, anarudisha. Intaneti unaihitaji pale unaporusha dadu na pale unapotuma, basi.

Maandalizi: bonyeza Play by Email, chagua ramani, gawa nchi. Mmoja anachukua Mhimili (Ujerumani na Japani), mwingine Washirika (Urusi, Uingereza, Marekani). Sehemu ya dadu chagua seva ya MARTI, inayowarushia dadu mtandaoni, andika barua pepe yako na ya mpinzani. Anwani zote mbili lazima ziwe zimesajiliwa kwenye seva hiyo, la sivyo dadu hazirushwi na utadhani programu imeharibika. Mnaotumia Gmail, nywila yenu ya kawaida haitakubaliwa kutuma kutoka ndani ya programu; Google waliifunga njia hiyo mwishoni mwa Mei 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu yenye herufi 16, hiyo ndiyo unaibandika.

Mpangilio wa zamu ni Urusi, Ujerumani, Uingereza, Japani, Marekani. Angalieni vizuri: Marekani ikimaliza, inayofuata ni Urusi ya raundi mpya, na zote ni za mtu mmoja. Kwa hiyo anayeshika Washirika anacheza zote mbili kabla ya kutuma. Raundi moja inakuwa na faili nne tu kusafiri, si tano. Kila mmoja akituma mara moja kwa siku, raundi inachukua siku mbili, na mchezo wa raundi kumi unaisha ndani ya wiki tatu.

Mkwajuni (#2)

Napiga kambi hapa. Uzi wa namna hii ulikuwa unahitajika.

Kibangu (#3)

Mkuu asante kwa madini. Swali: kwa nini niisumbue seva ya dadu wakati programu ina dadu zake? Si tutumiane faili kwa WhatsApp yaishe?

Dadu Sita (#4)

Kulituma kwa WhatsApp hakuna tatizo, ilimradi ulitume kama dokumenti. Tatizo ni dadu. Zikirushwa na kompyuta yako mwenyewe, unaweza kuhifadhi mchezo kabla ya vita, ukarusha, ukipigwa ukafungua faili la mwanzo na kurusha tena mpaka upendezwe. Mpinzani hawezi kujua. MARTI inatuma matokeo ya kila mrusho kwa wote wawili. Vita moja ikileta barua mbili, kila mtu anaona kilichofanyika.

Kuna wakati vita inarudiwa kihalali, mfano intaneti imekatika katikati. Utaratibu ni kwamba matokeo ya barua ya kwanza ndiyo yanayosimama. Mnafungua faili, mnaweka hali ya kuhariri, mnaondoa kete zilizokufa kwa mkono. Mabadiliko ya hali ya kuhariri yanabaki kwenye historia ya mchezo, kwa hiyo hakuna cha kuficha.

Nyambizi (#5)

Kwa wanaotaka papo kwa papo: kufungua mchezo wako mwenyewe ukiwa kwenye intaneti ya simu mara nyingi kunagoma. TripleA inatumia mlango namba 3300 na inataka watu wa nje wakufikie moja kwa moja. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, mlango huo huwezi kuufungua hata uhangaike na mipangilio usiku kucha. Msijaribu. Ingieni lobi, tafuteni vyumba vinavyoendeshwa na boti (bot, yaani programu inayojiendesha yenyewe). Boti ndiyo mwenyeji, ninyi wawili mnaingia kama wageni, suala la mlango linaisha.

Na saa. Ukimpata mtu wa New York, saa tatu usiku ya Dar kwake ni saa nane mchana wakati wa kiangazi chao, saa saba mchana wakati wa baridi. Yupo kazini. Wengi wanaopatikana usiku wetu ni wa Ulaya.

Binti Sinza (#6)

Mleta uzi umeruka jambo ambalo ndilo linaleta ugomvi kwenye barua pepe: mlinzi hayupo. Mimi nashambulia saa sita usiku, wewe umelala Mbagala, nani anachagua kete zako zipi zife?

Jibu ni kwamba mshambuliaji anazichagua kwa niaba yako, kwa kufuata orodha uliyoiacha. Kwa hiyo kila unapotuma faili, andika mpangilio wa vifo. Usiandike "kama kawaida". Andika hivi: "Nchi kavu: askari wa miguu, mzinga, kifaru, ndege ya mabomu, ndege ya kivita. Isipokuwa Moscow: kinga ya ndege (mizinga ya kutungulia ndege) itangulie kufa. Baharini: manowari kubwa ipokee pigo la kwanza, kisha nyambizi, distroya, kruza, ndege, meli ya kubeba ndege mwisho." Ongeza na hili: nyambizi zako zipigane au zizame chini zikipewa nafasi? Usipolisema hilo, mshambuliaji ataamua linalomfaa yeye na huna pa kulalamikia.

Sababu ya ndege ya mabomu kutangulia ndege ya kivita: ikijihami inapiga kwa 1 tu, ya kivita inapiga kwa 4. Ya mabomu ni ghali zaidi, 12 dhidi ya 10, ila ukiwa unazingirwa na unataka kubakia hai, ya kivita ndiyo ukuta.

Wanaocheza lile toleo la kulipia la Steam (duka la michezo la mtandaoni) watakuwa wameona kitu hichohicho, mnapanga wasifu wa vifo kabla. Sababu ni hiyohiyo, mlinzi haulizwi kitu vita ikiendelea.

Kibangu (#7)

Hapo kwenye 4 na 1 nipeni bei na nguvu zote tafadhali, kitabu cha sheria ni kirefu.

Mtu wa Hesabu (#8)

Dadu ina pande sita. Ukipata namba iliyo sawa na nguvu ya kete au chini yake, umepiga. Bei, shambulizi, ulinzi:

Askari wa miguu 3, anashambulia kwa 1, anajihami kwa 2.
Mzinga 4, 2 na 2. Ukiandamana na askari mmoja, huyo askari anashambulia kwa 2.
Kifaru 6, 3 na 3, kinatembea hatua mbili.
Kinga ya ndege 5, haishambulii. Inarusha mara moja tu mwanzoni mwa vita, kwa 1, hadi ndege tatu.
Ndege ya kivita 10, 3 na 4, hatua nne.
Ndege ya mabomu 12, 4 na 1, hatua sita.
Nyambizi 6, 2 na 1. Meli ya uchukuzi 7, haina nguvu yoyote. Distroya 8, 2 na 2. Kruza 12, 3 na 3. Meli ya kubeba ndege 14, 1 na 2. Manowari kubwa 20, 4 na 4, inazama kwa pigo la pili.
Kiwanda 15.

Sasa fanyeni hesabu ya IPC 30, maana hapa ndipo wageni wa mchezo wanapochomwa. Vifaru 5 vinagharimu 30, nguvu ya kushambulia 15, na ukipigwa mara tano umekwisha. Askari 6 na mizinga 3 pia ni 30. Askari watatu wanapata msaada wa mizinga wanapiga kwa 2, jumla 6, watatu waliobaki 3, mizinga 6. Jumla 15 ileile, lakini una miili tisa ya kufa badala ya mitano. Ukihesabu ulinzi, vifaru ni 15, askari na mizinga ni 18.

Kwa hiyo kifaru kinanunua mwendo, basi. Ukikinunua kwa kazi ambayo askari angeifanya, umetupa hela.

Chuma cha Temeke (#9)

Mkuu naunga mkono hesabu ila sikubaliani na hitimisho. Mwendo si kitu kidogo kwa Ujerumani. Askari akinunuliwa Berlin raundi ya kwanza, anaanza kutembea raundi ya pili, raundi ya tatu ndiyo anasogea mpaka wa Urusi. Kifaru kinaunga na rundo la mbele raundi moja nyuma ya wenzake. Ujerumani inayonunua askari watupu mpaka raundi ya nne inafika Moscow imechoka na Uingereza tayari ipo Ufaransa.

Mpangilio unaofanya kazi: raundi mbili za kwanza askari na mizinga, raundi ya tatu na ya nne vifaru, vyote vinafika kwa pamoja. Mtu akinunua vifaru raundi ya kwanza vinafika mbele vikiwa peke yake, vinaliwa.

Mtu wa Hesabu (#10)

Hapo tupo pamoja. Nilichokipinga ni kifaru cha raundi ya kwanza.

Mkwajuni (#11)

Tusisahau kwamba kuna maeneo hayashikiki. Pale katikati ya mbele ya Urusi (Belorussia, Ukraine, wakati mwingine Karelia) kila upande unaweza kuyachukua na hakuna anayeweza kukaa. Ukipeleka rundo zima, rundo linapigwa. Kinachotakiwa ni kulichukua kwa gharama ndogo kabisa, kumwachia mtu mmoja, zamu ijayo mpinzani analichukua tena naye kwa gharama ndogo.

Kama kuna askari mmoja, hizi ndizo asilimia za kumuua kwenye mrusho wa kwanza. Askari wawili na mzinga mmoja: 63. Askari wawili na ndege ya kivita: 65. Askari mmoja, mzinga mmoja na ndege ya kivita: 78. Tofauti hiyo ya mwisho inaletwa na IPC 1 tu, bei ya kubadilisha askari kuwa mzinga. Ndege inarudi nyumbani salama, kwa hiyo si gharama.

Kosa la hapa ni wakati wa kuchagua vifo. Programu inapendekeza vifo, wewe unabonyeza tu kukubali, mara unajikuta umebaki na ndege peke yake. Ndege haishiki ardhi. Umeshinda vita na eneo bado ni la adui. Kabla ya kukubali, hakikisha kete moja ya nchi kavu inabaki hata ikibidi ndege ife, kama eneo lina thamani hiyo.

Dadu Sita (#12)

Nyongeza ya Mkwajuni: kuna kupiga na kurudi. Unashambulia rundo la adui kwa mrusho mmoja, unaua wengi, unarudi nyuma kabla hujaingia eneo lenyewe. Tuseme Urusi inakwenda West Russia na askari 6, mizinga 2, vifaru 2, ndege ya kivita 1. Nguvu: askari wawili wenye mizinga 4, wanne waliobaki 4, mizinga 4, vifaru 6, ndege 3, jumla 21. Gawanya kwa sita, unategemea kuua 3.5. Mjerumani ana askari 3, mzinga 1, kifaru 1, ulinzi 11, anategemea kuua 1.8. Baada ya mrusho mmoja kabakiza mmoja au wawili.

West Russia inafaa kuikalia, kwa hiyo hapo unaendelea. Kwa Ukraine hesabu inabadilika, kwa sababu Ujerumani inacheza mara tu baada yako na ina njia nyingi za kufika. Hatari ya kupiga na kurudi ni dadu kuwa nzuri kupita kiasi: ukiwaua wote mrusho wa kwanza, huna tena nafasi ya kurudi, vifaru vyako vimebaki pale vinasubiri kuuawa. Usipeleke nguvu kubwa kuliko unayohitaji. Na anayeshuka kutoka melini hana kurudi kabisa.

Kivukoni (#13)

Mnaongelea nchi kavu tu. Ngoja niseme la baharini kwa kifupi, maana ndiko Washirika wanakopoteza mchezo.

Meli ya uchukuzi inabeba askari mmoja na kete nyingine moja ya nchi kavu. Toleo hili haijitetei. Zikibaki meli za uchukuzi peke yake, ndege moja ya adui inazizamisha zote, hata ziwe nane, bila kurusha dadu. Kwa hiyo kabla hujaziweka baharini hesabu ndege zote za adui zinazoweza kufika NA kurudi. Ndege ya kivita ina hatua nne kwa kwenda na kutua, ukitumia tatu kwenda imebaki moja. Wengi wanahesabu kwenda tu, wanaogopa ndege zisizoweza kufika, au wanadharau zile ambazo zinaweza kutua eneo la mshirika wao.

Kama safari ya kwenda na kurudi kuchukua mzigo inachukua zamu mbili, unahitaji makundi mawili ya meli ili kila zamu watu washuke. Marekani inayotaka kushusha kete nane kila zamu inahitaji meli nne upande huu na nne upande ule, IPC 56, na hapo hujanunua za kuzilinda. Ndiyo maana Marekani inayosubiri raundi ya tatu kuanza kununua meli haifiki kokote.

Distroya moja kwenye kundi ni lazima. Bila distroya, nyambizi za adui zinapiga kwanza na meli yako inazama kabla haijajibu, na ndege zako haziwezi kuzigusa.

Na manowari za kupiga pwani: zinaruhusiwa tu kama hakukuwa na vita ya baharini mahali hapo zamu hiyo, na idadi yake haizidi idadi ya wanaoshuka.

Binti Sinza (#14)

Mpangilio wa zamu alioutaja mleta uzi una faida ambayo wengi hawaitumii. Marekani na Urusi zinafuatana, Mhimili hawana nafasi ya kujibu katikati.

Chukulia Mjerumani ameweka askari mmoja Baltic States kama kizibo, nyuma yake Poland ina watu wachache. Vifaru vya Urusi vipo Karelia, haviwezi kufika Poland kwa sababu njia imezibwa. Marekani inashuka Baltic States kutoka baharini, inamuua huyo mmoja. Zamu inayofuata ni Urusi: njia sasa ni ya rafiki, vifaru vinapita hatua mbili moja kwa moja mpaka Poland. Na ndege za Urusi zinaruhusiwa kutua Baltic States, maana eneo lilikuwa la upande wetu tangu zamu ya Urusi ilipoanza. Kama Urusi ingelichukua yenyewe zamu hiyo, ndege zake zisingeweza kutua hapo.

Mhimili hawana kitu hiki. Baada ya Ujerumani inakuja Uingereza, baada ya Japani zinakuja Marekani na Urusi. Ukishika Mhimili, kila eneo linalolindwa na kizibo cha mtu mmoja pembeni ya bahari lihesabu kama halina mtu.

Kibangu (#15)

Nimeelewa. Sasa Japani: raundi ya kwanza ninunue kiwanda bara la Asia au meli?

Nyambizi (#16)

Meli. Kiwanda ni 15 na hakitoi kitu zamu unayokiweka. Manchuria ina thamani 3, kwa hiyo kitatoa kete tatu kwa zamu. Meli mbili ni 14, zinabeba kete nne kila zamu, na kesho unazielekeza kusini kama India inalegea. Kiwanda hakihami.

Kiwanda kinaanza kuwa na maana pale mapato yanapozidi uwezo wa Tokyo. Japani inatoa kete nane tu kwa zamu. Askari nane ni IPC 24. Ukiwa na 45 mkononi hela inabaki au unalazimika kununua vitu ghali.

Chuma cha Temeke (#17)

Kiwanda nakubali kwamba hakihami, tena kinaweza kutekwa na kutumiwa dhidi yako. Lakini meli zinahitaji ulinzi pia, hilo umeliruka. Marekani ikiamua kuja Pasifiki, meli zako zote za uchukuzi zinahitaji manowari, na manowari hizo haziko India tena. Kiwanda kimoja raundi ya pili au ya tatu, baada ya meli, ndicho kinachoiacha Japani huru.

Nyambizi (#18)

Raundi ya tatu sina ugomvi. Swali lilikuwa la raundi ya kwanza.

Mzee wa Magomeni (#19)

Vijana, hiyo ramani yenu Tanganyika ipo? Naona mmezungumzia Baltic na Manchuria tu.

Kivukoni (#20)

Shikamoo mzee. Kwenye ramani ya 1942 haipo kwa jina. Ipo kwenye ile kubwa ya 1940 ya dunia nzima, imeandikwa Tanganyika Territory. Hii yetu inaanza masika ya 1942, ndiyo maana Italian East Africa ipo mikononi mwa Uingereza tangu mwanzo: Waitalia walishasalimu amri Gondar Novemba 1941. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) hawamo kama kete, japo kwenye historia walipigana Madagaska mwaka huohuo na baadaye Burma.

Afrika kwenye mchezo ni pesa. Maeneo mengi yana thamani ya IPC 1 kila moja, Misri ni 2. Mjerumani akipita na vifaru viwili bila mtu wa kumzuia, Uingereza inapoteza askari mmoja wa kununua kwa kila maeneo matatu, kila zamu. Wachezaji wengi wa Washirika wanaiacha mpaka wameshachelewa.

Mzee wa Magomeni (#21)

Marahaba. Endeleeni.

Mtu wa Hesabu (#22)

Kuna kisanduku kwenye mipangilio kimeandikwa Low Luck. Kikiwashwa dadu hazirushwi kete kwa kete. Unajumlisha nguvu, unagawanya kwa sita, namba nzima ni vifo vya uhakika, kinachobaki kinarushwa kwa dadu moja. Mfano askari 3, mzinga 1, ndege za kivita 2: 1+1+2+2+3+3 ni 12, unaua wawili, si zaidi si pungufu. Ongeza ndege ya mabomu inakuwa 16: wawili kwa uhakika, na dadu ikitoa 1 hadi 4 anakufa wa tatu.

Kwa anayejifunza ndiyo njia bora. Unaona kosa lako la mpango bila kusingizia dadu.

Chuma cha Temeke (#23)

Inaharibu mchezo. Kwa Low Luck, mtu anapeleka idadi kamili bila kuacha akiba, kwa sababu anajua matokeo. Ukirudi dadu za kawaida una tabia ya kupeleka nguvu inayotosha kwa karatasi na kuanguka pale dadu ikikataa. Kujua kiasi gani cha ziada upeleke ndiyo nusu ya ujuzi wenyewe.

Tumieni kikokotoo cha vita (Ctrl+B). Unaweka kete za pande zote, kinakupa asilimia ya kushinda na wastani wa wanaobaki. Kwa vita ndogo za kubadilishana maeneo, asilimia 65 hadi 75 zinatosha. Kwa vita inayoamua mchezo, kama mji mkuu, msiende chini ya 80 isipokuwa mmeshapoteza na hamna la kusubiri. Na angalieni wanaobaki, si ushindi tu. Kushinda kwa asilimia 90 huku ukibaki na vifaru viwili mbele ya rundo la adui ni kupoteza.

Kibangu (#24)

Kushambulia kiwanda kwa ndege ya mabomu kunalipa?

Mtu wa Hesabu (#25)

Kidogo. Kiwanda kina kinga yake, kila ndege inapigwa kwa 1, yaani nafasi moja kati ya sita ya kuanguka. Ndege ya 12, hasara ya wastani ni IPC 2 kila safari. Ikipita inarusha dadu moja, wastani 3.5, ukizidisha na nafasi ya kupita unapata 2.9. Faida haifiki IPC 1. Na uharibifu una kikomo, mara mbili ya thamani ya eneo: Italia 6, Caucasus 8, Ujerumani 20.

Inalipa kweli pale unapozuia uzalishaji kwenye kiwanda kidogo kabla ya vita. Caucasus ikiwa na uharibifu 4, haitoi kete mpaka Mrusi alipe IPC 1 kwa kila alama. Ukimlazimisha alipe 4 zamu ambayo anahitaji kila askari, umemnyang'anya zaidi ya mtu mmoja pale anapomhitaji.

Dadu Sita (#26)

Nakusanya makosa ya vitufe, maana yameua michezo mingi kuliko mbinu mbaya:

Kubonyeza Done mapema kwenye awamu ya mashambulizi. Ukishatoka, mashambulizi yamefungwa. Kabla ya hapo unaweza kutengua hatua yoyote kwenye orodha.

Kusahau ndege. Programu inakataa kupeleka ndege isikoweza kurudi, ila ikiona meli ya kubeba ndege inaweza kusogea kuipokea, inaruhusu. Kusogeza hiyo meli ni kazi yako. Usiposogeza, ndege inapotea. Mnaruhusiwa pia kununua meli ya kubeba ndege zamu hiyohiyo na ndege ikatua pale itakapowekwa, ilimradi mmeinunua mwanzoni, maana kununua ndiyo awamu ya kwanza.

Kuweka kete mpya. Kiwanda kinatoa kete sawa na thamani ya eneo, India tatu, Karelia mbili. Ukinunua kete tano kwa ajili ya India, mbili hazina pa kwenda huko.

Programu haitasimamisha mchezo kwa namna mnayotaka. Kubalianeni mapema: Mhimili wakishika miji 9 kati ya 13 inayohesabika kwa ushindi mwisho wa raundi, wameshinda, Washirika wanahitaji 10. Mhimili wanaanza na 6, yaani Berlin, Paris, Rome, Tokyo, Shanghai na Manila. Leningrad na Calcutta zikianguka wanabakiza mmoja tu, na Honolulu huwa haina ulinzi wa maana. Washirika wanaotazama Moscow peke yake wanashangazwa hapo.

Mkwajuni (#27)

Na nyongeza ya kuanzia, mbona hamjaitaja? Mpangilio wa toleo hili unawapendelea Mhimili, wachezaji wazoefu hupiga mnada: nani yuko tayari kushika Washirika kwa IPC chache zaidi za nyongeza. Zinatumika kununua kete kabla ya zamu ya kwanza, na sharti la kawaida ni kete moja kwa eneo, tena eneo ambalo tayari una kete. Liandikeni hilo sharti, vinginevyo mtu ataweka zote sehemu moja.

Kibangu (#28)

Nipo tayari kushika Washirika kwa 12. Dadu za kawaida, MARTI, faili moja kwa siku. Nani anachukua Mhimili?

Chuma cha Temeke (#29)

Nachukua. Sajili barua pepe yako kwanza, kisha nitumie PM. Mpangilio wangu wa vifo: nchi kavu kama wa Binti Sinza hapo juu, isipokuwa Berlin kinga ya ndege ife kwanza. Nyambizi zizame chini kila zikipewa nafasi.

Binti Sinza (#30)

Chuma, na Japani je? Meli zako za kubeba ndege zikiwa na ndege juu, ipi itangulie kufa? Ukikaa kimya hapo, Kibangu atazamisha meli na kukuachia ndege ambazo zina hatua moja tu ya kutafuta pa kutua.

Chuma cha Temeke (#31)

Ndege moja itangulie, meli ya kubeba mwisho. Likiwa kundi lenye meli mbili za kubeba, ndege mbili zitangulie. Kibangu, nakili hiyo.